Jina la Masoudi Kwenye Gunia

Hajra alishuka kwenye bodaboda mbele ya ghala mjini Nachingwea, matope ya njia ya Ruponda yamemrukia hadi kiunoni. Alikuwa amepigiwa simu jioni iliyotangulia: magunia ya korosho ya shamba la Masoudi yamekutwa na unyevu.

Masoudi, mumewe, alifariki mwaka jana. Msimu huu, chama cha ushirika kilipoanza kusajili mashamba kwenye mfumo wa blokcheni, Hajra aliulizwa jina la mkulima akajibu, "Masoudi." Kule Mbekenyera, kijijini kwao, shamba lile halijulikani kwa jina jingine, na hakuna aliyeshtuka. Lebo za magunia zikachapwa hivyo. Kila anayelishika gunia huandika hali yake kwenye mfumo huo kwa simu, na kilichoandikwa hakifutiki.

Hicho ndicho kilichomnyima usingizi. Marehemu hakuruhusu gunia lishonwe kabla hajatikisa korosho sikioni na kuzisikia zikigonga, dalili kwamba zimekauka, na Hajra hakuiacha desturi hiyo. Leo iandikwe kuwa Masoudi alipeleka korosho mbovu, naye yuko kaburini hawezi kujitetea?

"Shikamoo mama," alisema Gwakisa, karani wa ghala. "Chanzo sijaandika bado. Nilitaka uwepo."

"Marahaba. Soma, mwanangu. Soma kwa sauti."

Gwakisa akaelekeza simu kwenye lebo. "Mbekenyera, chamani: kavu. Kwenye lori, kabla ya safari: kavu. Hapa ghalani: zina unyevu."

Dereva wa lori, Dastani, akajikuna kisogo. "Turubai lina tundu, bosi. Na jana pale Ruponda mvua ilimwagika kwelikweli."

"Tundu!" Hajra akamgeukia. "Na ulivyonicheka siku ya kupakia, nikitikisa korosho sikioni! Eti mama huyu anasikiliza redio."

"Nisamehe mama. Redio yako ilisema kweli."

Wapagazi wakaangua kicheko. Gwakisa akaandika: mvua njiani, kosa si la mkulima. Korosho zikamwagwa juani zianikwe upya. Kisha akauliza kwa upole, "Jina la marehemu halifutiki, ila naweza kuongeza lako. Niongeze?"

Hajra akajifunga kanga vizuri. "Ongeza. Lakini lake litangulie."

Gwakisa akamgeuzia simu. *Shamba la Masoudi. Mtunzaji: Hajra.*

Hajra aliyasoma maneno hayo mwenyewe, polepole. Halafu akayarudia kwa sauti, Dastani asikie.