Nyumba Iliyoitika Baragumu

Siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, Mzee Ebenezer, msimamizi wa maji, alipuliza baragumu kabla umande haujakauka, watu wakashuka na majembe kuzoa tope kwenye ndiva, bwawa lao la kumwagilia kahawa. Huko Upareni msaragambo hauna mjadala. Unayefaidi maji, unakuja.

Rahabu alikuja roho ikimuuma. Karani wa kodi alikuwa amempa mpaka mwisho wa mwezi. Asipolipa, ng'ombe wake wa pekee anachukuliwa. Na kahawa mwaka ule ilizaa mpaka matawi yakainama! Ila Bwana Reginald, meneja wa ushirika, aliwaambia kwamba huko Ulaya imeuzwa kwa bei ya kutupa.

Jua lilipopanda, nyumba ikafika. Ilikuwa ya ghorofa, ya matofali mekundu, nayo ilitoka Ulaya. Pale Makanya, kwenye barabara kuu, madereva waliipisha, ikapanda mlima taratibu ikikwepa migomba ya watu, theluji ingali juu ya paa. Ikakaa shambani kwa Rahabu, kando ya ndiva, ikatulia.

"Imechelewa," alisema Mzee Ebenezer. "Itatozwa faini."

"Kwani na hii inakunywa maji yetu, mzee?" aliuliza Rahabu.

"Isingekuwa inafaidi, mama, ingeitikaje?"

Rahabu akachungulia dirishani. Ukutani palikuwa na picha ya Bwana Reginald na mkewe, wamevaa makoti mazito, wanacheka mbele ya mlango uleule. Loh! Kumbe kahawa yake iliuzika vizuri tu.

Mwisho wa mwezi karani Eliezeri alipanda kutoka mjini Same, akaipima nyumba kwa kamba. Rahabu alifurahi, maana mambo sasa yako hadharani.

"Mwandike Bwana Reginald," alisema. "Picha yake si hiyo hapo?"

"Bwana Reginald ni kiongozi, mama. Tangu Azimio la Arusha ameapa kwamba hana nyumba ya pili. Unataka nimwite mwongo?"

"Sasa ni ya nani?"

"Imekaa kwenye shamba la nani?"

Rahabu aligeuka kulitazama shamba lake.

"Hongera, mama. Ila ya ghorofa kodi yake imechangamka kidogo."

Ng'ombe aliondoka siku hiyohiyo, akiburutwa kwa kamba nyuma ya karani. Majirani walikuja kumpa Rahabu pole ya ng'ombe na hongera ya nyumba, wakanywa uji, wakaenda zao. Theluji iliendelea kuyeyuka, ikaunguza maharage yake yote kwa baridi.

Jumapili, baada ya ibada, Bwana Reginald alikuja. Alifungua mlango, akaingia, akatoka na koti, akafunga tena. Akamshukuru Rahabu kwa kuweka mazingira safi.

"Basi niachie ufunguo, baba," alisema Rahabu. "Kodi si nalipa mimi?"

"Ufunguo?" Bwana Reginald alishangaa kwa upole, akiutia mfukoni. "Mama, mimi sina nyumba ya pili. Ufunguo ningeutoa wapi?"

 Rahabu alimsindikiza mpaka njiani, akarudi, akachukua jembe akaanza kulima chini ya dirisha, kwa kuwa kodi ya mwaka unaofuata ilikuwa imeshaanza kuhesabiwa.