Bibi wa Sufuria Kwenye Gazeti la Anga

Nikimwona Anande pale Sekei, navuka barabara. Niite mwenye kinyongo, sawa tu.

Mwaka ule televisheni za watu binafsi ndiyo kwanza zimeanza. Kwao Anande, Sekei, walikuwa nayo. Kwetu kijijini Akheri hata umeme hakuna. Tamthilia ya *Kizazi cha Zohali*, ya watu wanaoishi ndani ya chombo cha angani, mimi niliijua kwa gazeti lake tu. Anande alilinunua kila mwezi, akimaliza ananipa. Shule ya bweni tulikaa dawati moja, rafiki yangu hasa.

Gazeti likatangaza shindano: msomaji atunge kisa, kitakachoshinda kichapwe na jina lake. Jina langu gazetini, jamani! Nilitunga wiki tatu. Chomboni maji yamepungua, wanagawana kwa zamu kama sisi kwenye mfereji wa mashamba, na bibi mmoja analinda zamu yake huku vimondo vikimnyeshea, sufuria kichwani.

Sisi hatukuwa na sanduku la posta. Anande akasema, "Lete, nitatuma kwa anwani ya baba." Nikampa. Mjinga mimi!

Sikukuu ya Mavuno alikuja na mama yake, mzaliwa wa Akheri. Baada ya ibada tukatoka nje kwenye mnada wa sadaka: ndizi, kahawa, kuku. Mzee Eliamini, mnadishaji wetu, akainua gazeti.

"Hili katoa mama Anande! Bintiye kashinda! Kaandika bibi wa angani, sufuria kichwani! Nani anaongeza?"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Nikamtazama Anande. Akainama kufunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe havikuwa na kamba.

Na aliyepandisha bei ni nani? Mama yangu! Akalipata, akanikabidhi akitabasamu.

"Chukua, mwanangu. Jifunze kwa mwenzako."

Nyumbani akataka nimsomee huku anamenya ndizi. Nikasoma nikimeza machozi, mpaka kwenye sufuria. Kisu kikasimama.

"Hebu rudia."

Nikarudia.

"Huyu si mama yangu? Hivyo hivyo alilinda mfereji, mvua inamnyeshea. Nilikusimulia wewe peke yako, Elieshi. Anande kayajulia wapi?"

Nikaangua kilio. Mama akaweka kisu chini.

"Jina la huyo Anande liko wapi?"

Nikamwonyesha. Akalikandamiza kwa kidole gumba kilichojaa utomvu wa ndizi. Utomvu hautoki, doa lile jeusi lipo mpaka leo.