Kigari Kisichosimama

Bosi alikuwa na meno mawili na hakuwa na kazi, lakini nyumba nzima ilikwenda kwa amri yake. Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja: kitanda, jiko la mafuta, ndoo mbili zenye vifuniko, na msumari mlangoni wa kutundikia koti. Baba yake alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala la mbao. Mama yake alikanda unga kwenye kiwanda cha mikate tangu alfajiri hadi jua kuzama. Mmoja wa usiku, mmoja wa mchana, na mtoto katikati hana wa kuachiwa. Ndiyo wakabuni njia yao.

Kila alfajiri mama alimfunga Bosi mkanda kwenye kigari, akamfunika blanketi hadi kidevuni, akashika njia. Mumewe naye huyo anatoka ghalani, macho mekundu. Walikutana kwenye kona ya fundi viatu, na hapo kigari kilibadilisha mikono. Jioni ni vivyo hivyo, ila mume ndiye aendaye kazini na mke ndiye arudiye.

Sasa, Bosi alipokuwa kichanga alikuwa na tabia moja. Magurudumu yakizunguka, analala fofofo. Yakisimama, anaamka na kulia mpaka sauti inamkauka. Kwa hiyo wakajifunza kupokezana bila kusimama. Mke alikigeuza kigari kwa duara pana, kama dereva wa lori uwanjani, mume akaingia ubavuni mwake, akashika mpini, mke akauachia. Wakaenda pamoja hadi kwenye nguzo ya taa, na hapo mke akageuka kwenda kwenye unga wake.

Kutoka kona hadi nguzo, basi, ndipo ndoa yao ilipoishi.

"Bosi vipi?"

"Amelala. Maziwa kaacha nusu."

"Nepi?"

"Nimezianika. Ya bluu bado mbichi."

"Haya."

"Haya, Baba Bosi."

Fundi viatu, mtu wa maneno, aliwatazama akiwa na misumari midogo mdomoni. "Nyinyi mnashindana na nani?" aliwauliza. "Abiria wenu mwenyewe hana haraka."

Siku za mapumziko nazo hazikuwasaidia. Mke akipumzika, mume alikuwa amelala kama gogo, na mke akanyata chumbani humo kama mwizi kwenye nyumba yake. Mume akipumzika usiku, mke ndiye aliyekuwa gogo. Hawakugombana. Mlinzi yule hakuwa mlevi, hakuwa mkali, mshahara aliuleta nyumbani. Mtu mbaya ungemtukana ukaondoka zako. Huyu ungemwambia nini? Mama Bosi alikula peke yake, akacheka peke yake, na siku moja akagundua kwamba amesahau mumewe hucheka vipi.

Ndipo shangazi yake aliyemlea, mwenye duka la vitambaa mji wa mbali, akampigia simu. "Njoo na mtoto, mwanangu. Nyuma ya duka kuna chumba, na cherehani imekaa bure. Wewe hukuolewa na mtu, umeolewa na kigari."

"Nitaongea na mwenzangu, shangazi."

"Ongea naye. Lori linaloniletea mzigo litapita huko kwenu Alhamisi. Kufikia Jumatano nataka jibu."

Jumatatu alijaribu, na nguzo ikafika kabla hajapata neno la kuanzia. Jumanne alianza: "Shangazi kapiga simu," mume akasema, "Msalimie sana," na nguzo ikafika.

Jumatano kulikuwa na ukungu mwepesi. Mume alitokea, koti limelowa mabegani, akaingia ubavuni, akashika mpini. Mke hakuachia. Walikwenda hivyo, mikono minne kwenye mpini mmoja, na katikati ya njia mke akakaza mikono, kigari kikasimama.

"Unafanya nini?" mume alinong'ona. "Ataamka."

"Na aamke."

Wakainama wote wawili, pumzi wamezibana, wakingoja kilio. Bosi alimumunya midomo, akageuzia shavu upande wa pili, akaendelea kulala.

Wakangoja tena. Kimya.

"Kumbe," mume akasema.

"Tangu lini?"

"Mimi nitajuaje? Nyumbani namnyanyua, anaamka. Njiani nani aliwahi kusimama?"

Kweli, hakuna aliyewahi. Mtoto alikuwa ameacha tabia yake zamani bila kumuaga mtu, na wazazi waliendelea kukimbia. Mazoea yana taabu. Sasa walikuwa wamesimama, njia yote ni yao, na hakuna aliyejua mikono yake aiweke wapi.

"Shangazi anataka niende kwake na mtoto," mke akasema. "Kuna chumba na kazi ya kushona. Lori ni kesho."

Mume alilivuta blanketi hadi kidevuni mwa mtoto.

"Ningekuwa na shangazi," akasema, "hata mimi ningekwenda."

Mke akacheka kidogo, mume naye akacheka, na kicheko chenyewe kikaisha haraka, kama kiberiti kwenye upepo.

"Siendi kwa hasira," mke akasema.

"Najua. Ungekuwa na hasira ningejua la kusema." Alifuta uso kwa kiganja. "Kigari utakwenda nacho?"

"Nitakwenda nacho."

"Gurudumu la kushoto linavuta upande. Barabara ya huko huijui, litakusumbua." Akapiga goti kwenye lami iliyolowa, akatoa ufunguo wa ghala, akaingiza ncha yake kwenye skrubu. Alikaza polepole, akalizungusha gurudumu, akalisikiliza, akakaza tena mahali palipokwisha kukazwa. Mke alimshikia mpini kigari kisiyumbe. Alitaka kumwekea mkono kichwani, kwenye nywele zile zenye vumbi la mbao, lakini mume akainuka.

"Basi," akasema, akashika njia ya nyumbani na mtoto.

Mlangoni mwa kiwanda, mke alipiga simu kabla ya kuvaa aproni.

"Shangazi, kesho tunakuja."

"Alhamdulillahi. Mumeo amesemaje?"

"Amekaza gurudumu."

"Amefanya nini?"

Ndani wenzake walikuwa wameanza kuukanda unga, mabeseni yakigongana.

"Amekubali, shangazi," akasema, akaenda kunawa mikono.