Kafara ya Krismasi

Nanyonga alikuwa akiipiga pasi gomesi yake, vazi la Kiganda lenye mabega yaliyosimama, pale mwajiri wake, Bi Kheiria, alipoingia na kuegemea mashine ya kufulia, kana kwamba amechoka kabla siku haijaanza. Kanzu za Bwana Thani, mume wa Bi Kheiria, zilikuwa zimekwisha kunyooshwa na kufukizwa udi. Nguo hii ya zambarau ilikuwa ya mwisho, na ilikuwa yake mwenyewe.

"Mashallah, nzuri," alisema Bi Kheiria. "Itundike, mwanangu."

"Nakaribia kumaliza, mama. Misa ni saa nne. Cissy wa kwaya ananipitia na teksi."

"Nnajua. Ndiyo maana nimekuja mapema." Akatazama sakafu. "Wale watu wa posa ya binti yangu Noof wanakuja leo. Ami wa huyo kijana anayeposa anasafiri kesho. Sasa mimi nipike peke yangu, nipokee wageni peke yangu? Watasema mtoto katoka nyumba gani?"

Nanyonga hakuiinua pasi mpaka aliposikia harufu ya kitambaa kikiungua.

"Mama, uliapa."

Ndivyo ilivyokuwa. Novemba nzima Bi Kheiria alilala na goti lililopasuliwa, na Nanyonga akazitoa Ijumaa zake zote, siku yake pekee ya kutoka Madinat Sultan Qaboos, mtaa wa Maskati, kwenda kanisani Ruwi. Alimwosha, akamgeuza, akamshika mkono kwenda msalani. Kwaya ya Waganda wenziwe aliifundisha kwa simu, akiimba chini chini kando ya jiko na kuwatumia sauti. Wimbo wa Krismasi ulianza kwa sauti yake peke yake. Wengine waliingia juu yake, kama watu waingiao nyumba iliyokwisha kufunguliwa. Na ni pale kitandani Bi Kheiria alipomshika kiganja, machozi yakimtoka: "Krismasi utakwenda kanisani kwenu. Wallahi, utakwenda."

Bwana Thani alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa.

"Kheiria, umeapa kwa jina la Mola."

"N'tatoa kafara ya kiapo. N'talisha miskini kumi, leo leo."

"Kafara ni dawa ya aliyeteleza. Si tikiti ya anayekusudia."

"Basi pilau ya wageni utapika wewe?"

Bwana Thani alikitazama kikombe, akachagua kanzu, akaenda zake. Haki ilikuwa imesemwa, hapana aliyeibeba.

"Mama," alisema Nanyonga, "siku ya Idi mtu akupe pilau akunyime swala, hiyo ni Idi?"

"Usishindane nami leo." Kisha akalainika. "Jioni n'takununulia keki. Kubwa. Na hiyo pilau, teleka sufuria mbili. Ya pili ndiyo ya kafara."

Akateleka mbili. Akaosha mchele mpaka maji yakatakata, akatwanga kitunguu thomu na bizari nyembamba, akavikaanga vitunguu hadi vikaiva rangi ya kahawa. Kiapo alichoapiwa yeye kilivunjwa juu yake. Na malipo ya kukivunja yakapikwa kwa mikono yake.

Adhuhuri ilipokaribia, Cissy alipiga simu.

"Banange, dada! Hata uliponiambia nisikupitie, tulikungoja mlangoni mwa kanisa mpaka padri akatuashiria tuanze. Nikaanza mimi."

"Ukaanzaje?"

"Juu mno. Kufika ubeti wa pili sauti zikatukatika. Watu wakacheka. Kidogo tu, dada."

"Mkaendelea?"

"Tukakaa chini."

"Kitunguu kinaungua," alisema Nanyonga, akakata simu. Jiko lilikuwa limezimwa.

Sinan, mtoto mkubwa wa nyumba, aliipeleka pilau ya kafara kwa vibarua wa jengo la nyuma, akarudi na sahani moja iliyofunikwa.

"Wapo tisa tu, mama. Mmoja kapelekwa hospitali."

Bi Kheiria alikuwa amekwisha kuvaa, amejitia mafuta ya udi, mikono imejaa bangili. "Kumi ndiyo kumi," alisema. Akachungulia dirishani, njia ilikuwa tupu. Akageuka, na macho yake yakamwangukia Nanyonga aliyekuwa akifuta vikombe vya kahawa.

"Kaa, mwanangu. Hujala tangu asubuhi."

"Sina njaa, mama."

"Kula. Wewe pia... wewe pia huna kitu. Wahisabika."

"Mama!" alisema Sinan. "Huyo huyo uliyemwapia?"

"Wewe nenda kafungue geti!"

Akavuta kiti mwenyewe, yeye ambaye hakuwa amewahi kumvutia kiti mtumishi. Akafunua sahani. Mvuke ukapanda, na harufu ya karafuu ikajaa jikoni. Akaweka kijiko upande wa kulia, kwa adabu, kama awekewavyo mgeni.

Nje milango ya magari iligongwa, sauti za wanaume zikajaa uani, hodi ikapigwa. Bi Kheiria hakwenda. Alisimama karibu ya meza, kanga ya kufutia mikono akiisokota vidoleni, akikitazama kinywa cha mtumishi wake kama mgonjwa anayekitazama kinywa cha tabibu.

"Japo kidogo," akanong'ona. "Nnakuomba."

Nanyonga akakichukua kijiko. Akakishika.

Mlangoni hodi ya pili ikapigwa, na hapana aliyeitika.