Panda Mbili

Ifahamike kwa walimwengu wote, wenye masikio na wenye pamba masikioni, kwamba asubuhi ile, katika ofisi ya vipimo vya mito, ilizaliwa amri mpya ya kompyuta, ya kuchora grafu. Tarumbeta hazikulia. Mzazi alikuwa na chembe za biskuti kidevuni, na mkunga alikuwa anapiga miayo.

"Umeipa jina gani?" aliuliza mkunga, jirani wa meza ya pili, aliyeitwa Kiraka kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuziba matundu ya programu ya ofisi.

"Panda," alijibu Mchoraji. Huyu jina alipewa na kazi, si kipaji. Akichora ng'ombe, watu huvuta kiti wakidhani ni meza. "Mto unapanda, mstari unapanda. Umeelewa, au nipande mezani nikuonyeshe?"

"Fupi mno, litagongana na kitu. Ningeiita choraKinaChaMtoKwaSaa."

"Hilo jina au anwani ya posta? Acha wivu, mzee."

Wakacheka, ila Mchoraji hakuacha kuchapa. Mvua ilikuwa haijakata tangu jana. Mto ule ulipita nyuma ya nyumba ya mama yake, mtaa wa bondeni, na mama alikuwa amepooza miguu. Mdogo wake alikuwa naye huko, akisubiri neno moja la ofisi: hameni, au kaeni.

Grafu ya zamani iliunganisha vipimo kwa mstari mnyoofu hata pale kifaa cha kupimia kilipozimika, kana kwamba mto nao ulikuwa umelala. Yake iliacha pengo, mtu aone kuwa hapo hatujui. Aliijaribu, ikachora. Akaiingiza kwenye programu ya wote, kisha akapiga simu nyumbani.

"Mtoeni mama mpaka barazani. Tangazo linakuja."

Likaja. Redio ya mlinzi, pale dirishani, ilitamka kwa sauti ya mtu aliyeshiba: "Mtaa wa bondeni ni shwari. Wakazi waendelee na shughuli zao."

Mchoraji aliirukia ramani. Siku zote programu ilitawanya nukta za buluu juu ya nyumba zitakazofikiwa na maji, na tangazo liliandikwa kwa kuzihesabu. Leo bonde lilikuwa jeupe kama sahani iliyooshwa. Nyumba zitakazofikiwa: sifuri.

"Kiraka, nukta hutawanywa na amri gani?"

"Ya yule mzee aliyestaafu, mpenda bustani." Kiraka alipekua, kisha miayo ikamkatikia njiani. "Lo! Dada yangu."

Kwa mzee yule nukta zilikuwa mbegu. Amri yake naye aliiita panda.

Amri mbili, jina moja, na iliyoingia mwisho ndiyo iliyosikilizwa. Ramani iliomba kupandiwa mbegu, ikachorewa mlima. Programu haikulalamika. Ingelalamikia nini? Iliambiwa panda, ikapanda.

Simu ikalia.

"Dada, tumesikia redio," mdogo wake alisema akihema. "Tumemrudisha mama ndani. Uzito ule! Mgongo wangu basi tena. Anasema unatutisha bure, kama ulivyotutisha na yule nyoka wako wa kamba."

"Mtoe! Mtoe sasa hi—"

Ikakatika. Alipopiga tena, iliita bila kupokelewa.

"Badili jina, tuendeshe upya," Kiraka alinong'ona. "Nusu saa tu. Tutasema seva ilikwama. Mkataba wako unajadiliwa wiki hii, usijichome."

Nusu saa. Mchoraji alisimama kwenye njia panda, na hiyo ikawa panda ya tatu. Kisha akakimbia.

Chumba cha kikao kilinukia chai. Grafu yake ilikuwa ukutani, kubwa kuliko mlango.

"Aa, mchoraji wetu!" mkurugenzi alisema. "Tunaisifu kazi yako. Ila hebu tueleze, hili pengo la mwisho ni la nini? Mbona mstari umekatika, na ramani inasema shwari?"

Alikuwa na uongo wa seva mdomoni, umetafunwa tayari. Akaumeza.

"Hapo kifaa kilizama," alisema. "Na ramani ni ya uongo. Si seva, si mtandao. Ni mimi. Lifuteni tangazo, tafadhali, sasa hivi."

Mkurugenzi aliweka kikombe chini, akaunyoosha mkono kwenye simu ya mezani. Ukutani mstari ulipanda, ukapanda, ukaishia kwenye weupe. Kiganjani mwa Mchoraji simu ya nyumbani bado ilikuwa ikiita, haipokelewi.