Ngozi ya Miwani

Mwaka 1996 karakana ya miwani ya Kasulu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya zahanati. Walifanya kazi humo watu wawili: Melkiadi, fundi wa siku nyingi, na Rosa, msaidizi wake, aliyefika kila asubuhi na mwanawe Ange mgongoni. Jioni Rosa alikwenda kwenye masomo ya watu wazima, na Ange akaenda naye huko huko.

Tatizo lao lilikuwa majivu. Vioo walivyoletewa na mradi wa kuwapatia watu miwani vilikuwa vya plastiki, vyepesi, havivunjiki. Lakini watu wa huku walivisafisha kama walivyozoea kusafisha kioo cha chemli: majivu kidogo, kitambaa, sugua. Kioo cha taa hung'aa. Plastiki hukwaruzika, na baada ya miezi miwili mtu anaiona dunia kama kupitia maziwa. Walikatazwa, wakaitikia, wakarudi nyumbani wakasugua.

Mradi ukaleta dawa ya kupaka, ambayo ikikauka hufanya ngozi isiyoonekana: chupa mbili, moja ya ngozi ngumu, moja ya laini. Zaidi ya nusu yake ilikwisha bila kufaulu. Ndipo mratibu, aliyekaa Kibondo, akaandika barua fupi: Jumatatu aletewe miwani moja iliyofaulu, la sivyo kazi ya kupaka ifungwe na msaidizi aachishwe.

Chupa ya kwanza peke yake ilitoa ngozi ngumu kweli kweli. Msumari haukuacha alama. Lakini Melkiadi alipokibana kioo kukiingiza kwenye fremu, kilipinda kidogo tu na ngozi ikapasuka kama tope lililokaushwa na jua.

"Ngumu kama karani wa ushuru," Melkiadi akasema.

"Kaka, tuichanganye na ile ya pili, ile laini."

"Laini inanasa vumbi."

"Kidogo tu. Si unatia mafuta kwenye unga wa chapati ili isikatike ukiikunja?"

"Haya, leo nafundishwa kazi na mpika chapati."

Lakini akachanganya: sehemu nne za ngumu, moja ya laini. Wakakioka kioo kwa muda wa saa nne kwenye tanuri ambalo zahanati ilitumia kuulia vijidudu vya vyombo. Kikapinda, kikarudi, ngozi ikabaki nzima.

Ikabaki mistari. Kioo hutumbukizwa kwenye mkebe wa dawa, kisha huvutwa juu polepole sana, bila kusita. Mkono wa mtu husita. Ange akilia, Rosa hushtuka, na pale pale ngozi hujikusanya mstari mnene. Kufikia Ijumaa dawa iliyobaki ilitosha kujaza mkebe mara moja tu.

Rosa akakumbuka siku mbili alizokaa wodini Ange alipougua malaria, akitazama chupa ya dripu. Maji yalikuwa yakishuka bila kusita hata mara moja. Akaenda zahanati kuomba mpira wa dripu uliopitwa na muda, akatoboa mkebe chini, akauchomeka na kuubana usivuje.

"Kioo kisivutwe," akamwambia Melkiadi. "Kining'inie tu. Dawa ndiyo ishuke."

Melkiadi akautazama mpira, akautazama mkebe. "Ikimwagika?"

"Tumekwisha."

"Angalau umesema kweli."

Wakanyunyiza maji sakafuni vumbi lilale, wakatundika khanga mbichi mlangoni. Rosa akalegeza kigurudumu kinachobana mpira wa dripu. Dawa ikashuka tone kwa tone, na vioo viwili vikaibuka taratibu, vimelowa sawasawa. Ange alilia katikati ya kazi. Mama yake akambembeleza kwa maneno tu, na dawa ikaendelea kushuka.

Jumamosi, vioo vikiwa vimeokwa na kutiwa kwenye fremu, miwani ilipelekwa Makere kwa Ntirampeba, mshonaji aliyekuja kutoka Burundi mwaka 1972 na ambaye alikwishaharibu miwani tatu.

"Mama, hii isafishe unavyojua mwenyewe," Rosa akamwambia. "Kila mara."

"Hata kwa majivu?"

"Hasa majivu."

"Yoo, mwanawane! Leo umeongea kama mtu."

Jumatatu asubuhi Land Rover ya mradi, imewabeba Melkiadi na Rosa, ikasimama Makere kuichukua. Melkiadi akaiinua miwani kwenye mwanga. Pembeni kulikuwa na mikwaruzo miwili myembamba kama nywele. Katikati palikuwa safi. Ntirampeba akanyoosha mkono, akaichukua, akaivaa tena.

"Tupe tuipeleke ofisini, mama," Melkiadi akamwambia. "Utarudishiwa baada ya wiki."

"Wiki nzima nishone kwa kupapasa? Ndiyo kwanza naliona tundu la sindano. Mkiitaka, ichukueni na kichwa chake."

Rosa akamtazama Melkiadi, Melkiadi akamtazama dereva. Dereva akafungua mlango wa nyuma.

"Miwani iko wapi?" mratibu akauliza, walipofika Kibondo.

"Hii hapa," akasema Ntirampeba, bila kuivua.

Mratibu ikambidi azunguke meza na kuinama mpaka pua zao zikakaribia kugusana. Akauliza inasafishwaje, akaelezwa, hata majivu ya kuni gani ni mazuri. Akauliza namna ya kuchanganya, na Rosa akasoma kwenye daftari lake: nne kwa moja, muda wa tanuri, matone kwa dakika.

"Nitaagiza chupa nyingine, za miezi mitatu," mratibu akasema. "Baada ya hapo nataka miwani ishirini kama hii."

"Na msaidizi?" Melkiadi akauliza.

"Kwani wewe unaweza kuhesabu hayo matone?" mratibu akajibu, ameshaanza kuandika.

Rosa alijizuia kucheka mpaka nje. Miwani ishirini ni vioo arobaini. Kwa mkebe wao, viwili viwili, ni mara ishirini. Akamkaza Ange mgongoni, akamuuliza Melkiadi kama sokoni Kibondo wanaweza kupata mkebe mkubwa zaidi.