Mapazia Yanayoishia Gotini

Mama alipika katika shule ya bweni miaka ishirini na saba. Alipopata kiinua mgongo, alisema hataki tena kusikia neno kodi. Alitaka nyumba, na pesa ile ndiyo ilikuwa yote, nyingine haingekuja.

Dalali alitutafutia mbili za bei moja. Ya mlimani ilikuwa chumba kimoja na ukumbi mdogo, ngazi nyingi. Ya bondeni ilikuwa na vyumba vinne.

"Bi mkubwa, viwili mnalala, viwili mnapangisha," dalali alisema tulipofika bondeni. "Wewe unakaa barazani, pesa inakufuata."

Mama alizunguka akigusa kuta polepole. Rangi ilikuwa mpya, bado inanukia. "Hapa dirishani utaweka cherehani, mwanangu. Mwanga upo." Machozi yalimlengalenga, nikatazama pembeni.

Ndipo nikaliona pazia la mlangoni. Liliishia gotini.

Mimi ni fundi wa kushona, naona nguo kabla sijamwona mtu. Nilichuchumaa nikashika pindo. Ulikuwa mshono wangu. Baada ya mvua za mwaka jana wateja wengi walikuja na mapazia wakisema nikate, wote kipimo kimoja. Vipande vya chini vilikuwa na rangi ya chai. Navifutia mafuta cherehani hadi leo. Nilidhani mapazia mafupi ndiyo mtindo mpya, hata nikamshonea mama moja la hivyo.

Nilichungulia nje. Jirani wa kulia, gotini. Wa mbele, gotini.

"Binti mbona kimya?" dalali akauliza. "Umemeza sindano?"

Mama alikuwa anacheka kwa furaha, na mimi ndiye wa kumkatisha.

"Mama," nilisema, "haya mapazia nimeyakata mimi."

"Si uliniambia ni mtindo?"

"Nilidhani. Ni maji, mama. Yanafika hapa." Nikaweka mkono gotini kwangu.

Dalali alikohoa. "Siku mbili tu, bi mkubwa. Tena si kila mwaka."

"Siku hizo mbili wapangaji wangu watalala wapi? Kwako?"

Dalali akatoka nje kupiga simu ambayo sidhani kama ilikuwa na mtu upande wa pili.

Mama aliketi kizingitini. Hakunigombeza. "Lakini vyumba vinne," alisema taratibu. "Kule juu hakuna mpangaji. Nikiugua tutakula ngazi?"

Nilikaa ubavuni pake. Jambo nililokuwa nalo lilikuwa dogo, nikaona aibu kulisema, nikalisema.

"Nitaacha kibanda cha sokoni. Nitashonea pale ukumbini. Kodi ninayolipia kibanda nitakuwa nakupa wewe."

"Na wateja wasipopanda huko?"

"Nitashuka kuchukua nguo zao. Nyumba kwa nyumba."

"Wewe?" Mama alinigeukia. "Wewe unayenituma mimi niulize bei ya nyanya?"

"Nitauliza."

Akacheka, akanifuta vumbi la pindo magotini kama nilipokuwa mdogo. "Basi twende tukazihesabu hizo ngazi."

Zilikuwa sitini na mbili. Mama alipumzika mara tatu, na mara zote alisingizia kiatu.

Sasa tuna miezi minne huku juu. Mwezi wa kwanza nilipata wateja wawili, na mmoja ni binamu. Mlango wa kwanza niliobisha, sauti ilikwama hadi mwenyewe akafikiri nimekuja kuomba maji, akaniletea kikombe. Nikanywa, ndipo nikasema habari ya nguo. Akanipa mashuka matatu.

Pazia letu nimelishona refu, linagusa sakafu. Mama kila akifagia ananung'unika.

"Hili linazoa taka. Lipunguze kidogo, we fundi."

"Silipunguzi."

"Hata vidole viwili?"

"Hata kimoja, mama."

Analiinua kwa mkono, anafagia chini yake, analishusha tena vizuri.